Swali la Kumi na Moja

Mama Marceline hakuwa mtu wa majivuno. Mwenyewe alisema hivyo kila wiki. Ila alipenda watu wajue mambo. Alipenda wajue, kwa mfano, kwamba binti yake Tina ndiye daktari wa ubongo wa watoto wachanga, na mwingine kama huyo hakuna mjini Likasi, na kwamba baada ya miezi miwili angesimama Lubumbashi mbele ya maprofesa watano kutetea utafiti wake wa miaka minne. Mtaa mzima wa Shituru ulijua. Muuza makaa alijua. Padri alijua mara mbili, maana aliambiwa kabla ya misa na baada ya misa. Watu walikwisha kumwita Mama Docteur, naye alilikemea jina hilo kwa sauti ya mtu anayeomba liendelee.

Mwezi huo ikaja heri juu ya heri. Claire, mke wa mwanawe Willy, alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa nyumba. Akaitwa Carlos, jina la marehemu babu yake aliyefanya kazi kiwandani miaka thelathini na moja. Siku ya pili akaja Mama Adrienne, mama yake Claire, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole ambaye mababu zake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Alikuja na mfuko: nguo sita mpya za mtoto, shuka mbili, kofia, soksi. Marceline aliupokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akashukuru sana, akauweka juu ya kabati. Ukabaki huko huko.

"Mutoto wa hii nyumba anavalaka bilamba bya hii nyumba," alimwambia mkwe mwenzake, akicheka kwa upole.

Nguo za nyumba hiyo zilikuwa na historia yake. Marceline alizifuma kwa mkono alipokuwa bibi harusi, kwenye foyer ya kampuni, mahali ambapo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kuoka mkate na kutunza nguo. Tina alivaa hizo, Willy akavaa hizo, kisha zikarudi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda kungoja wajukuu, na pamoja nazo naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Asubuhi Carlos alipotoka hospitali kuja nyumbani, Marceline alitoa vidonge vyote, kimoja kimoja, kwa sababu alikumbuka Tina akisema redioni kwamba naftalini si kitu cha kukaa karibu na mtoto mchanga. Akazikung'uta nguo mlangoni, akaridhika kwamba amri ya daktari imetimizwa.

Mama Adrienne alisikia harufu hiyo alipomwinamia mtoto. Ilimpanda puani mpaka machozi yakamlenga. Lakini mfuko wake ulikuwa juu ya kabati, na mtu hakosoi nyumba ya wakwe zake siku ya pili ya uzazi. Alimsifu mtoto, akanywa chai, akaenda zake.

*

Siku ya tatu macho ya Carlos yalikuwa manjano. Claire aliona, akaomba Tina apigiwe simu. Marceline alimjibu kwamba watoto wote hubadilika rangi kidogo, hata Willy alibadilika, na dawa yake ni jua la asubuhi. Tena Tina alikuwa anaandika kitabu; asisumbuliwe kwa kila mbu. Tena kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijaanguka, na mzazi hatoki nje kabla ya kitovu kuanguka. Sababu zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na uzito wake. Ile ambayo Marceline hakuisema ni kwamba mjukuu wa Mama Docteur hawezi kuugua ugonjwa uleule anaoutibu Docteur. Ingekuwa kama mke wa fundi wa mabomba kukosa maji.

Siku ya nne Carlos alilala sana, nao wakasema ni mtoto mtulivu. Siku ya tano aliacha kunyonya. Kilio chake kikawa chembamba, cha juu, na kichwa kikaanza kuvutika nyuma kana kwamba mtu anamshika kisogoni. Willy aliporudi kutoka zamu ya asubuhi kiwandani alimwinua mtoto, akasikia shingo ngumu mkononi mwake. Hakumwuliza mtu ruhusa. Alimfunika kwa kiblanketi cheupe cha kufumwa, nacho cha lile sanduku la bati, akatoka na ovaroli yake ya kazi, Claire akimfuata polepole na maumivu yake, na nyuma yao Marceline akitafuta kitambaa cha kichwa kinachofaa kuvaliwa hospitali.

Wauguzi wa wodi ya watoto wachanga walimjua Tina kwa mambo mawili. La kwanza, hakosei sindano. La pili, akina mama wanaoleta mtoto siku ya tano huwasema mpaka wakajuta kuzaliwa. Sasa wote waliinua macho na kumwona mama yake mzazi mlangoni, na mtoto ana rangi ya embe bivu. Mwanamke mmoja kwenye benchi, ambaye wiki iliyopita alikuwa ametolewa machozi kwa kuchelewa siku mbili tu, alimtazama Tina kwa makini aone atasema nini.

Tina alimpokea mtoto mikononi. Alipima damu mwenyewe. Kipimo kilisoma ishirini na saba, namba ya hatari.

Aliwaeleza Willy na Claire wakiwa wamesimama, kwa maneno mafupi. Damu ya mtoto inavunjika haraka, na inapovunjika inaacha rangi ya manjano. Rangi hiyo ikizidi inaingia ubongoni, na huko ni sumu. Huanza na masikio. Mtoto anaweza kuishi asisikie maisha yake yote. Kisha shingo, mikono, miguu. Shingo ya Carlos ilikuwa imeanza. Leo leo angewekwa chini ya mwanga wa buluu, na damu yake ingebadilishwa, wangetoa kidogo na kuingiza kidogo kupitia kitovu mpaka iwe nyingine.

"Atapona?" Claire aliuliza.

"Tutapigana," Tina alisema. "Nikikuambia zaidi ya pale nitakuwa nakubongea, nakudanganya tu."

Taa za buluu alizolazwa Carlos chini yake zilitengenezwa na Willy, baba yake. Zile za kununua Ulaya zilikuwa zimeharibika zamani, na miaka mitatu nyuma Tina alimchorea mdogo wake aina ya taa anazotaka, naye Willy, fundi wa umeme, akaziunda na wenzake kwenye karakana baada ya kazi. Mamia ya watoto wa watu walikuwa wamepita chini ya taa hizo. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwepo siku hiyo, Mungu ni mwema. Willy alisimama akazitazama zile balbu moja moja, akahakikisha zote zinawaka, kisha akatoka nje kwa sababu hakuweza kumtazama aliyekuwa chini yake.

Kazi ya kubadilisha damu ilichukua karibu saa mbili. Tina alikuwa na sindano, na muuguzi Bertin, mtu mwembamba mwenye miwani aliyekuwa pia mwandishi wa utafiti, alihesabu kwa sauti kila tone linaloingia na linalotoka. Watu waliwahi kumwuliza Tina kwa nini alichagua kazi hiyo, na yeye hujibu kwa jina moja tu, Kapolowe. Akiwa daktari kijana pale misheni aliona watoto wa miaka sita, saba, waliokunjamana, wasiosikia, na watu wakisema wamerogwa. Kila mama alimwambia maneno yaleyale: alizaliwa mzima, akawa manjano, kisha akawa hivi. Tina alikasirika na hasira hiyo haikumwisha. Ndiyo iliyomfikisha Ubelgiji, ndiyo iliyomrudisha Likasi wakati wenzake walibaki huko, na ndiyo iliyomfanya aanze kuuliza nyumba kwa nyumba ni kitu gani kinavunja damu ya watoto wa hapa.

Alikuwa na fomu. Maswali kumi na manne, na kila mtoto wa manjano alipata fomu yake. Carlos alikuwa wa mia mbili na kumi na tatu. Alipomaliza kazi ya damu, akiwa amechoka, Tina alikaa mezani akaijaza fomu hiyo mwenyewe haraka haraka. Umri, uzito, dawa alizotumia mama. Swali la kumi na moja liliuliza kama nguo za mtoto ziliwahi kuwekwa pamoja na naftalini. Aliandika hapana bila kuinua kichwa. Nyumba hiyo alizaliwa humo; angemwuliza nani?

*

Jioni hiyo kipimo kilishuka mpaka kumi na saba, na kila mtu alipumua. Asubuhi kilikuwa kumi na tisa. Saa sita mchana kilikuwa ishirini na mbili.

Tina alikagua taa. Alikagua damu iliyowekwa. Alichukua kipimo kingine, kile cha utafiti, na hicho kilimpa jibu nusu: damu ya Carlos ilikuwa ya aina dhaifu, inayovunjika ikikutana na vitu fulani. Aina hiyo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mama mwenyewe haumwi, wala hajui anayo.

Aliyasema haya kwenye korido, na familia zote mbili zilikuwepo. Willy hakuwa amelala siku mbili. Alisema bila kumtazama mtu:

"Kumbe ni damu ya kwabo."

Claire aliinamisha kichwa. Mama Adrienne, aliyekuwa amekaa pembeni ya benchi na rozari yake, alikaza midomo. Na tuseme kweli: Marceline alisikia kitu kikilegea kifuani. Hakufurahi, hapana, ila alipumua. Kama ni damu, basi si siku mbili za kuchelewa, si jua la asubuhi, wala si yeye. Alimgeukia mkwe mwenzake kwa huruma nyingi, na huruma hiyo ilimuuma Adrienne kuliko tusi.

Tina aliona vizuri kwamba angeweza kuishia hapo. Neno alilolisema lilikuwa la kweli, na lilimwachia mama yake heshima yake yote. Lakini alimwambia Willy akome. Damu peke yake haivunjiki hivi, alisema; kuna kitu kinaivunja, na hicho kitu bado kinaingia mwilini mwa mtoto sasa hivi, humu humu hospitalini. Yeye mwenyewe hakijui. Akitafuta asipate, kufikia jioni namba itarudi kule ilikotoka, na safari hii masikio hayatabaki.

Ndipo Bertin alipokuja na fomu mkononi. Alikuwa amezihakiki fomu zote, kama afanyavyo kila siku saa hizo, na amekwama kwenye moja.

"Docteur, hii swali ya kumi na moja, nani alijibia?"

"Minye nilijibia."

"Uliuliza nani?"

Tina aliitazama fomu.

"Règle ni yako, Docteur," Bertin alimkumbusha sheria yake taratibu, bila dharau. "Ulisema muntu mwenye alivalisha mutoto njo anajibia, hata kama ni bibi ya gouverneur."

Korido nzima ilikuwa inasikiliza, pamoja na yule mwanamke wa wiki iliyopita. Tina alihisi uso unamwaka moto. Katika miaka minne alikuwa amewafukuza vijana wawili waliokuwa wanajaza fomu kwa kubahatisha. Alimwambia Bertin aulize, tena aanze swali la kwanza.

Bertin alivuta kigoda, akakaa mbele ya Mama Marceline, akarekebisha miwani. Aliuliza kama anavyouliza watu wote, na Marceline alijibu akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama aliye kwenye picha. Walipofika la kumi na moja alishangaa hata kuulizwa.

"Naphtaline? Sasa tungechunga bilamba na nini? Tangu niliolewa natiaka naphtaline, kila Noël naongeza ingine. Njo vile batufundishaka kwa foyer. Lakini Tina alisema haifai kwa batoto, basi ile asubuhi nilitosha yote, hata moja sikuacha."

"Na bilamba, mama? Mulibifula?"

"Kufula juu ya nini? Bilikuwa safi."

Tina alikuwa ameshaingia ndani. Alirudi na kile kiblanketi cheupe ambacho Claire alimfunika Carlos kila alipomtoa kwenye mwanga kumkamulia maziwa. Alikiweka puani akavuta pumzi kwa nguvu. Hakusikia kitu. Alivuta tena. Alisikia nyumbani: chumba cha mama yake, Krismasi, sare ya shule siku ya kwanza ya masomo. Alimpa Bertin, na Bertin akageuza uso.

"Inanuka tangu jana, Docteur. Nilizania unajua."

"Minye nilijua," alisema Mama Adrienne kutoka mwisho wa benchi. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua kinywa siku hiyo. "Nilisikia ile harufu siku ya pili. Nikanyamaza, juu ya bukwe."

Adrienne aliinuka, akafungua kitenge cha juu alichojifunga, kile cha pili, akamkabidhi Tina. Kilikuwa kimefuliwa kwa sabuni na kukauka juani. Nguo zote za kufumwa zilivuliwa, zikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, ngozi ya mtoto ikaoshwa kwa maji ya vuguvugu, akafungwa kitenge cha bibi yake wa upande wa mama. Kisha Tina akanawa mikono mpaka viwikoni, wakaanza kubadilisha damu mara ya pili.

Marceline alibaki kwenye benchi. Alikuwa na aibu ambayo hajawahi kuijua, aibu ya mtu aliyetii kila sheria. Watu walipita mbele yake wakisema pole, Mama Docteur, na kila mmoja aliposema hivyo Marceline alitamani amwombe asiseme tena.

Jioni kipimo kilikuwa kumi na nane. Kesho yake kumi na nne, kesho kutwa kumi na moja. Siku ya tisa ya maisha yake Carlos alikamata titi la mama yake akalivuta kwa hasira, na shingo yake ikalegea. Wauguzi walishangilia. Tina pia alicheka, lakini alimvuta Willy kando akamwambia ukweli: mikono na miguu inaelekea kuwa salama. Masikio hajui. Mashine ya kupima masikio ya mtoto mdogo hivyo ipo Lubumbashi, na inabidi angoje akue wiki kadhaa. Wangempima Jumamosi, siku moja baada ya Tina kutetea utafiti.

*

Wiki hizo za kungoja zilikuwa ndefu. Kila mtu nyumbani aliapa kutompima mtoto kwa mikono yake, na kila mtu alimpima kwa siri. Claire alimwita jina nyuma ya kichwa. Willy aliangusha sufuria jikoni, akaangusha na mfuniko wake, na Carlos akaendelea kulala. Siku nyingine alifumba macho mlango ulipojipiga. Lakini pengine ni upepo uliompuliza usoni. Marceline alimwimbia karibu na sikio asubuhi mpaka jioni, na mtoto alimtazama mdomo tu.

Marceline alikuwa ameacha kuwajulisha watu mambo. Alienda misa ya kwanza, ile ya alfajiri isiyo na watu wengi, akarudi moja kwa moja. Muuza makaa alipomwuliza Docteur atasimama lini mbele ya maprofesa, alisema hajui vizuri.

Tina naye alikuwa na shida yake. Fomu ya mia mbili na kumi na tatu ilikuwa imeharibika, kwa kuwa mtafiti aliijaza kwa kubahatisha. Aliitoa kwenye hesabu, akaandika ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini. Willy aliusoma ukurasa huo mezani akamrudishia dada yake.

"Yaya, nani angejua? Unamupatisha Mama haya mbele ya batu, bule."

Tina alimjibu kwamba hakuna jina humo, ni namba tu. Willy akasema Likasi nzima inaijua namba hiyo. Tina alikubali kwamba inaijua. Lakini alikuwa ameomba wanawake mia mbili na kumi na wawili wamwambie ukweli wa nyumba zao, na wengi walimwambia huku wanalia; hakuweza kuficha wa nyumba yake akabaki na haki ya kusoma wa kwao. Marceline alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akasikia yote. Hakugeuka.

*

Siku ya kutetea, familia zote mbili zilifika Lubumbashi zimevaa kitenge cha aina moja, kama desturi ilivyo, buluu yenye maua meupe. Marceline na Adrienne walikaa safu ya tatu, na katikati yao Claire na Carlos aliyelala mapajani. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa maprofesa watano na majoho yao, na katikati yao Profesa Simone, mama wa mvi fupi, anayesifika kwa kuwa hajawahi kumsaidia mtu kujibu.

Tina aliongea kwa Kifaransa dakika arobaini, na hata wasioelewa Kifaransa cha madaktari walielewa kwamba hababaiki. Alionyesha jinsi taa za karakana ya Shituru zilivyofanya kazi sawa na zile za Ulaya. Alionyesha kwamba karibu theluthi ya watoto wenye manjano kali walivalishwa nguo zilizokaa na naftalini, na kwamba tangu wauguzi waanze kuwauliza wajawazito kuhusu nguo mapema, idadi ya watoto wanaohitaji kubadilishwa damu imepungua kwa nusu. Willy, kwenye suti ya kuazima, alikuwa anajipiga goti taratibu kwa ngumi kila picha ya taa ilipotokea.

Yakaja maswali. Profesa Simone alifungua ukurasa mmoja mwishoni, akauliza kwa utulivu: mtu aliyetunga swali la kumi na moja, anawezaje kusahau kuliuliza?

Tina alisema hakusahau. Alidhani anaijua nyumba hiyo.

"Nyumba gani?" aliuliza Profesa.

Tina alikuwa na jibu tayari, kwamba majina ya familia ni siri ya daktari, na lilikuwa jibu halali kabisa. Kabla hajalitoa, viti viligongana safu ya tatu. Mama Marceline alikuwa amesimama. Katika shughuli kama hizo wageni hawasemi, na mlinzi wa ukumbi alianza kumfuata amketishe, lakini Profesa Simone aliinua kidole, mlinzi akabaki alipo.

"Bakubwa, munisamehe," alisema Marceline. "Ile nyumba ni yangu. Mutoto ni mujukuu wangu, minye njo nilimuvalisha. Docteur hakuuliza juu alisadiki mama yake hawezi kukosa. Na minye nilisadiki vile vile."

Kabla hajaketi, Mama Adrienne naye alisimama, akamshika mkono.

"Minye nilisikia harufu, nikanyamaza," alisema. "Muandike na ile."

Na Profesa Simone aliandika. Aliandika kwa muda, ukumbi mzima ukimngoja, kisha akamwambia Tina kwamba fomu yake inahitaji swali la kumi na tano: bibi wa upande wa pili aulizwe peke yake. Tina alisema ndiyo, Profesa. Alikuwa anawatazama wale wanawake wawili waliosimama na kitenge kimoja, wameshikana mikono, na alijivunia mama yake siku hiyo kuliko mama yake alivyowahi kujivunia yeye.

Maprofesa walitoka, wakakaa nusu saa, wakarudi. Watu wote walisimama. Profesa Simone alisoma karatasi ndefu yenye maneno mengi ya sheria, na mwishoni mwake yalikuwemo maneno ya daktari wa sayansi, na mengine ya sifa kubwa kabisa, lakini haya hayakusikika vizuri kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshapasuka. Makofi, vigelegele, miguu juu ya sakafu ya mbao. Marceline alipiga kigelegele kilichokuwa kimemkaa kifuani wiki nane.

Mapajani mwa Claire, Carlos, aliyekuwa amelala fofofo, alitupa mikono yote miwili hewani, vidole vimetanuka. Macho yalimtoka. Kisha akakunja uso na kulia, kwa sauti nene, ya mtoto aliyekasirishwa na kelele za watu wazima.

Claire alimtazama Willy. Willy alikuwa ameshaona.

Tina alikuwa mbele, kipaza sauti mkononi, ameanza kuwashukuru walimu wake. Alikatiza katikati ya sentensi. Alijua, kama mtafiti, kwamba mara moja si ushahidi, kwamba kuna mtikisiko wa sakafu, kwamba mashine ya masikio ni kesho saa tatu na kabla ya hapo hakuna aliye na haki ya kusema chochote. Alijua yote hayo na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni mbele ya maprofesa watano.

Marceline hakuwa ameona. Alichoona ni mtoto anayeharibu sherehe ya shangazi yake. Alimnyakua, akaanza kupenya safu kuelekea mlangoni, akiwaomba watu radhi kushoto na kulia.

"Mama," Tina alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Usimutoshe inje. Muache alie."

Marceline alisimama hapo alipo. Alimtazama bintiye, akamtazama mtoto, na akaelewa. Watu wengine hawakuelewa. Walidhani ni furaha imemzidi Docteur, wakapiga makofi tena, na Carlos akalia zaidi.